Maziwa ya Mnyaa

Bendi yetu ilikuwa ya watu wanne, na wote tulikula chungu kimoja. Baba aliimba, mama alitikisa manyanga, dada yangu aligonga chupa ya soda kwa msumari na kuitikia, nami nilipiga gitaa. Baba alirudi na gitaa hilo kutoka kwenye mkonge wa Tanga, alikokwenda kuwa manamba, kibarua wa mkataba, kabla sijazaliwa. Ubao wake ulikuwa umepasuka, akauziba kwa nta ya nyuki. Nyimbo zetu za mwanzo zilitoka kwa babu, naye alizirithi kwa baba yake aliyekuwa mpagazi, nyimbo za kutembea na mzigo kutoka Tabora hadi pwani. Baba alizitia gitaa, lakini mwendo wa miguu haukutoka. Watu walizipenda wakati wa kulima.

Viungo vya vidole vya baba vilipoanza kumuuma, alinipa mimi gitaa. Nyumbani nilipiga vizuri. Mbele za watu nilikuwa kama nilivyokuwa shuleni, ambako mwalimu akiniuliza, jibu nilikuwa nalo, nikasimama kimya mpaka akamwuliza mwingine.

Harusi yangu ya kwanza kupiga ilikuwa hapo Ntalikwa. Nilipoona macho ya wale watu, vidole vilikufa ganzi. Nikageuza kigoda, nikautazama ukuta wa nyumba, nikapiga hivyo, mgongo wangu ukiwa kwa watu. Nilijua baba atanichapa. Lakini nilisikia mwanamke mmoja nyuma yangu akimwambia mwenzake, "Anaficha vidole huyo."

"Ana dawa. Dawa ya ngoma haitazamwi hovyo."

Kwetu kila kiongozi wa ngoma alisemekana kuwa na dawa yake, kwa hiyo jambo hilo halikuhitaji ushahidi. Baba naye alisikia. Kuanzia siku ile aliniwekea kigoda mwenyewe, kikiangalia nyuma. Mtu akimwuliza, alijibu, "Mambo ya mtoto huyu mimi siyaulizi." Hakusema uongo. Mimi pia sikusema neno. Tukaanza kuitwa mbali, kwa wenye maduka wa Kanyenye mjini Tabora, hata Lusu, ambako tulikwenda kwa basi na kumalizia kwa miguu.

Kisha likatangazwa shindano la vikundi kwenye shamba la ushirika. Mshindi angerekodiwa na gari la redio. Ng'ambo ya mbuga kulikuwa na familia nyingine ya muziki, ndugu watatu, na mpiga gitaa wao alinizidi miaka kama kumi. Alikuwa na mke na watoto. Alikuwa ananishinda kupiga. Naliandika hili mapema ili nisije nikalipita.

Wiki mbili kabla ya shindano alikuja kwetu asubuhi. Nilikuwa peke yangu, nikipunguza ua wa minyaa kwa panga. Akavua kofia.

"Shikamoo, mganga."

Niligeuka kutazama nyuma. Hapakuwa na mtu. Mkubwa kama yule kuniamkia mimi! Ningepaswa kukataa, nikaona aibu ya kukataa, nikasema, "Marahaba."

Alikuwa amekuja na kuku, amemfunga miguu. "Sikuja kukuibia," alisema. "Nigawie kidogo tu. Tushindane wote tukiwa na nguvu, ndipo patanoga."

"Sina dawa."

"Wenye nayo wote husema hivyo." Akacheka, akachuchumaa. "Mimi sina haraka. Nitakaa hapa hapa."

Nilisikia sauti za mama na dada wakirudi kisimani. Sikutaka wamkute ananiita mganga. Nilitaka aondoke, hilo tu. Panga langu lilikuwa linadondosha maziwa meupe.

"Maziwa ya mnyaa," nilisema. "Unapaka vidoleni."

"Mnyaa unaunguza, bwana."

Nikanyamaza. Habari za ukimya wangu alishazisikia, akauona ni ukimya wa mganga. Akaitikia kwa kichwa polepole. "Ndiyo maana," akasema. "Dawa ya kweli lazima iume. Siku ngapi?"

"Saba."

Akaniachia kuku, akaenda zake. Mama aliniuliza kuku katoka wapi, nikasema ni wa watu wa harusi. Tulimla na ugali. Mimi nilipewa paja.

Kwetu hata mtoto mdogo anajua kwamba maziwa ya mnyaa hayachezewi. Nilijiambia kwamba mtu mzima hawezi kupaka kitu hicho, atafika nyumbani atacheka. Nilikuwa na siku kumi na nne za kuvuka mbuga na kumwambia. Mbuga yenyewe ni mwendo wa saa moja.

Siku ya shindano alikuja vidole vimefungwa kwa vitambaa. Jicho la kulia lilikuwa limefura, limefumba. Nilisikia watu wakisema kwamba siku ya nne alijisahau akajifuta jasho usoni kwa mkono ule. Ndugu zake waliimba bila gitaa, kama watu waliosahau kitu nyumbani. Sisi tukashinda.

"Dawa imekutana na dawa!" mzee mmoja alipiga kelele, watu wakacheka. Baba aliuinua mkono wangu juu. Yule mpiga gitaa alikuwa amekaa chini kivulini na kitambaa jichoni, naye akapiga makofi kwa viganja, maana vidole havikuweza.

Gari la redio lilikuja, tukarekodiwa. Wimbo wetu ulipotoka redioni watu walijaa dukani kusikiliza. Mimi nilikaa nyuma ya duka, penye magunia.

Wiki hiyo nilimwambia baba habari ya maziwa ya mnyaa. Alikuwa ananoa jembe. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kuacha kunoa.

"Nani mwingine anajua?"

"Hakuna."

"Basi hakuna." Alinoa tena kidogo. "Mwanangu, sauti yangu imezeeka. Watu hawatuiti kwa ajili ya sauti. Wanakuja kuutazama mgongo wako. Ukisema, umetumaliza wote wanne."

Nikanyamaza. Kunyamaza ndiyo kazi niliyoijua.

Ukafika mwaka wa amri ya kuhamia vijiji vya ujamaa. Tulipakia vyungu, godoro na gitaa, tukapelekwa kwenye kijiji kipya, nyumba zimepangwa kwa mistari. Wa ng'ambo ya mbuga waliletwa hapo hapo. Nyumba iliyotazamana na yetu ilikuwa ya yule mpiga gitaa. Jicho lake halikupofuka, lakini lilibaki na doa jeupe, na juani lilitoa machozi. Mkewe alimshonea kitambaa cha kujifutia. Mimi nikawa napita mlango wa nyuma, hata nikienda kisimani ambako njia ni ya mbele.

Mavuno yalipokaribia, kijiji kikataka muziki wa siku ya sherehe. Asubuhi moja alinivizia kwenye mlango ule ule wa nyuma.

"Shikamoo, mganga."

"Marahaba."

"Nimefikiri sana. Kosa lilikuwa langu. Siku zile nilikula chumvi, na siku ya tatu nililala na mama watoto. Dawa ikanikataa. Safari hii nitashika miiko yote." Akanionyesha matawi ya mnyaa aliyoyafunga kwa kamba, maziwa yakitiririka. "Naanza leo. Nilitaka unibariki tu."

Nilimfikiria baba. Nililitazama lile jicho. Nikayanyakua matawi, nikayatupa.

"Si dawa," nilisema.

"Vipi?"

"Hakuna dawa. Haijawahi kuwapo. Nilitaka uondoke."

"Na mgongo? Unatugeuzia mgongo kwa nini?"

"Naona haya mbele za watu."

Sikuwahi kumwambia mtu maneno hayo, na yalipotoka yalikuwa madogo sana. Alitazama vidole vyake, ambavyo ncha zake zilibaki na ngozi laini ya makovu.

"Lete gitaa," alisema.

Nikalileta. Nikakaa uso kwa uso naye, nikapiga wimbo wa wapagazi. Nilikosea mara mbili. Alifuatisha kila kidole kwa jicho lake zima mpaka mwisho.

"Ni hivyo tu?"

"Ni hivyo tu."

"Na mimi nilikuamkia," alisema. Akavaa kofia, akavuka njia, akaingia kwake.

Siku ya sherehe baba aliniwekea kigoda kikiangalia nyuma kama kawaida. Nikakigeuza. Mama aliacha kutikisa manyanga. Baba alinitazama, nikadhani ataondoka, lakini alianza kuimba. Watu walisogea kutazama. Wimbo ulipokwisha, msichana mmoja alisema kwa sauti, "Kumbe vidole vyenyewe vya kawaida!" Watu wakacheka, na baba akacheka nao. Cheko lile naliona mpaka sasa.

Tangu hapo tumeitwa mara chache, na mbali hatujaitwa. Baba hanigombezi. Ila kigoda haniwekei tena, najiwekea mwenyewe.

Yule jirani hakumwambia mtu chochote. Lakini kila asubuhi tunapokwenda shamba la kijiji, watu wote wakiwapo, jembe begani, ananiamkia kwa sauti ya kusikika mstari mzima: "Shikamoo, mganga!" Watu hufa kwa kicheko kuona mtu mzima anamwamkia kijana. Wanadhani ni mzaha. Mimi naitikia.

Wiki iliyopita niliamua kumwahi. Nilifika shambani kabla yake, nikamsubiri, na alipokaribia nikasema kwa nguvu zote nilizonazo, mbele ya wote, "Shikamoo, kaka."

Alisimama. Jua lilikuwa usoni mwake, akajifuta jicho kwa kitambaa, taratibu, kwanza kona hii, kisha ile.

"Bado," alisema. "Shikamoo, mganga."

"Marahaba," nikasema, nikaingia kwenye mstari pembeni yake, tukaanza kulima.