Baba aliahidi mbogo kwenye harusi ya dada, moto ukala vilima vyote

Wakuu, salaam kwenu nyote.

Mimi ni msomaji wa kimya humu ndani. Nasoma nyuzi zenu, nacheka peke yangu, natoka. Sijawahi hata kukomenti. Mimi ni mtu ambaye nikisimamishwa darasani kujibu swali nasahau hadi jina langu, kwa hiyo mnisamehe nikiandika ovyo.

Ila hili limenikaa kooni. Nitalisema lilivyo, hata pale linapomuaibisha baba yangu mzazi. Humu hamnijui na yeye hamumjui, basi tusonge.

Kwetu ni kijiji kimoja upande wa Utete, vilima vya kitalu cha uwindaji unaviona ukiwa uani unaosha vyombo. Nipo kidato cha tatu.

Baba yangu ni mchinjaji wa kambi ya uwindaji wa kitalii.

Najua wengine mtauliza, mnyama kapigwa risasi, anachinjwa wa nini? Ndiyo hivyo sasa. Mgeni akishapiga, mnyama akianguka, baba anatoka mbio na kisu kumuwahi kabla roho haijatoka. Anasema bismillah, anachinja. Akimuwahi, nyama inaletwa kijijini na Waislamu tunakula. Akichelewa, wanakula wale wafanyakazi wa kambi waliotoka bara, sisi tunabaki kunusa.

Hebu fikiria kumkimbilia mbogo ambaye bado anahema. Mama kila msimu anamwambia aache. Baba anajibu, "Nikiacha, mtakula nini?" Kama vile tunakula mbogo kila siku. Seriously.

Sasa dada yangu Hadija akapata mchumba wa Kiongoroni, kule kwenye visiwa vya delta, watu wa uvuvi. Walipokuja kuposa, baba akanyanyuka mbele ya watu wote, hakuna aliyemuuliza, akasema:

"Wakwe zangu, ninyi samaki mmeshachoka nao. Harusi ya mwanangu mtakula mbogo. Nyama mpaka mfunge mbebe."

Mama yake bwana harusi, Bi Mwajuma, mama mmoja mnene mwenye maneno, akasema, "Mkwe, maneno hayo nimeyatia kwenye upindo wa kanga. Siku ikifika nafungua."

Watu wakacheka. Mama hakucheka.

Siku ya harusi ikapangwa ndani ya msimu wa uwindaji, kwa makusudi. Mgeni alishajulikana, mzungu mmoja anayetaka dume la mbogo la kule juu vilimani. Baba akatamba kijiji kizima. Mbuzi hakununua. Kuku hakuweka. Mama akimgusia anaambiwa, "Wewe tafuta mchele tu."

Halafu moto.

Asubuhi moja natoka kuchota maji, nikaona moshi umesimama juu ya vilima kama nguzo. Jioni haukuwa nguzo tena, ulikuwa mstari. Kesho yake majivu yakawa yanaangukia kwenye nguo tulizoanika. Mama anafua, majivu yanaanguka, anafua tena. Dada analia kwamba kanga zake za harusi zinanuka moshi.

Baba alikuwa kambini. Tukawa tunamuombea dua.

Aliporudi, wakuu, alikuwa mweusi hadi kope. Mikono mitupu. Akakaa kwenye mkeka, akaomba maji, akaanza kulalamika.

Akasema vilima vimeungua vyote. Unapanda kila bua ulilokanyaga linalia kak, kak, mnyama anakusikia kabla hujafikiria kumuona. Kichaka cha kujibanza hakuna, mtu unaonekana kutoka kilima cha pili. Nyayo kwenye majivu zinaonekana vizuri, lakini zote zinaondoka, hakuna hata moja inayokuja. Mgeni anakohoa, macho mekundu, anauliza mbogo wako wapi, na wao hawana la kumjibu.

Mwishowe kiongozi wa msafara akasema inatosha. Mgeni akapanda ndege yake ndogo akaenda zake na picha za majivu.

Mama akamsikiliza hadi mwisho. Halafu akauliza swali moja tu.

"Moto kauanzisha nani?"

"Warina asali hao," baba akajibu. "Si unawajua? Wanafukiza nyuki, wanaacha kijinga kinawaka, wanaondoka."

Sasa wakuu, ndani ya nyumba yetu kulikuwa na mrina asali mmoja. Mjomba Athumani, kaka yake mama. Amelala kwetu mguu umevimba kama boga, hata chooni anashikwa mkono.

Akajibu kutoka chumbani, "Shemeji, nimekwenda kurina kwa mguu upi? Huu au ule wa jirani?"

Baba akaivuta kata ya maji karibu.

Mama akasema, "Unamsikia kaka yangu? Hao warina asali uliowaona ni akina nani? Nitajie mmoja."

Baba akaizungusha ile kata. Akasema taratibu, "Basi ni mimi. Ni sisi wa kambi, lakini kibiriti nilishika mimi."

Ngoja niwaeleweshe hapa. Kila mwaka kabla ya wageni kuingia, watu wa kambi wanachoma majani ya bondeni yakiwa bado yana ubichi. Moto unatambaa polepole, ukiingia umande unajifia. Baada ya muda yanachipua majani machanga, mbogo wanashuka kula, mgeni anapelekwa. Baba kaifanya kazi hiyo tangu mimi sijazaliwa.

Mwaka huu mvua zilizidi, barabara ikakatika, kambi ikafunguliwa kwa kuchelewa. Walipofika, majani yalishakauka na upepo wa kusi ulishaanza. Wenzake wakasema tuache mwaka huu.

Baba akasema haiwezekani, mgeni asipopata mbogo mimi nitaozesha na nini?

Akawasha.

Yaani moto wa kuleta mbogo wa harusi ndio uliomfukuza mbogo wa harusi. Mama alicheka kile kicheko ambacho si kicheko. Mjomba chumbani akasema, "Na asali yangu yote iko huko juu, shemeji. Mizinga yote."

Sasa ikabidi wakwe waambiwe. Na harusi ilikuwa imefika mlangoni.

Mnadhani nani aliambiwa apige simu? Baba hawezi, anaona haya. Mama anasema si yeye aliyeahidi. Dada bibi harusi, hatoki nje. Mjomba mguu.

"Saida apige," baba akasema. "Ana Kiswahili cha shule."

Wakuu! Mimi! Mimi ambaye dukani nasubiri watu waishe ndiyo niombe sukari!

Na network ya kijijini kwetu inashika sehemu moja, juu ya kichuguu karibu na kisima, na Kiongoroni nako ndiyo kabisa inakwenda inarudi. Maana yake huwezi kunong'ona. Nikasimama juu ya kichuguu, wanawake wote wamejipanga na ndoo, nikapiga kelele aibu ya nyumba yetu hadi ng'ambo ya pili.

"Shikamoo Bi Mwajuma! Baba anasema nyama hakuna!"

"Marahaba. Paza sauti mwanangu, upepo!"

"Nyama ya mbogo hakuna! Vilima vimeungua!"

"Kaunguza nani?"

Wanawake kisimani wote wakaacha kuchota. Hata ndoo zilinyamaza. Nikafumba macho nikasema, "Baba!"

Kwanza sikusikia kitu. Nikadhani imekatika. Kumbe anacheka hadi simu inakwaruza. Akasema, "Mwambie mkwe wangu asijitie kitanzi. Achemshe wali tu. Sisi tunakuja na tulivyojaliwa."

Nilishuka pale naangalia chini. Mama mmoja akaniambia, "Leo umesema, Saida." Nikatamani ardhi inimeze.

Siku ikafika. Wakwe wakaja, wametoka kwao kwa boti hadi Nyamisati, kisha gari. Wakateremsha vikapu: kamba wakubwa wa delta, samaki wa kukaanga, kaa wamefungwa bado wanachezesha miguu. Ndoa ikafungwa asubuhi, mchana sinia zikatoka. Wali wa kamba. Harusi ya mchinja mbogo, watu wanamenya kamba.

Baba alikula kainama.

Katikati ya kula tukasikia mbwa wa majirani wanabweka vibaya upande wa shamba letu. Shamba liko hapo hapo nyuma ya nyumba, tumekata ufuta tumeusimamisha ukauke, na pembeni kuna kunde.

Tukageuka.

Mbogo. Dume zee, peke yake, mgongo umejaa majivu, pembe pana kama mlango. Kasimama kwenye kunde zetu anatafuna taratibu, ufuta mwingi kaulaza chini. Moto ulimtoa vilimani ukamleta kwetu.

Wanawake wakakimbilia ndani na sinia zao, hakuna aliyeacha hata kamba mmoja. Baba akasimama, mkono umekwenda kiunoni kwenye kisu. Kisu cha nini sasa? Bunduki hakuna. Mgeni keshaondoka. Na pale ni nje ya kitalu, ukimgusa ni jela. Kijana mmoja akakimbilia kichuguuni kuwapigia askari wanyamapori, wakasema wanakuja, ila gari liko mbali.

Bi Mwajuma akachungulia dirishani, akamtazama mbogo, akamtazama baba. Akashika upindo wa kanga yake, akaufungua polepole kama anatoa kitu.

"Haya mkwe, deni limekwisha. Uliniahidi mbogo kwenye harusi, na kaja mwenyewe kwa miguu yake. Ila naona anayekula ni yeye."

Nyumba nzima ikacheka. Mjomba akacheka hadi akakanyagia mguu mbovu. Mwisho hata baba, jamani, akafunika uso kwa kofia mabega yanatikisika.

Mama ndiye aliyekuwa haangalii mtu. Alikuwa anaangalia ufuta.

Askari walipofika walimfukuza kwa baruti, akaondoka kwa mwendo wake kupitia ufuta uliokuwa umebaki umesimama.

Sasa hivi ninavyoandika, tunaokota punje kwenye mchanga kwa ungo. Baba yuko pembeni yangu, anapepeta. Vilima bado vyeusi.

Nilichojifunza: moto hausikii kwamba umewasha kila mwaka. Na mtu mzima akiahidi mbele za watu kitu ambacho bado kiko porini kinatembea, wanaokuja kuokota ni mama na watoto.

Wenye wazazi wanaofanya kazi kwenye vitalu, kwenu msimu umekwendaje? Na kama kuna anayejua njia ya kutenganisha ufuta na mchanga bila kuosha, aniambie. Nasoma zote, hata nisipojibu. Ndivyo nilivyo.