Neno la Mstarini

Mwaka ule nilirudi Ifakara na begi la vitabu kuhusu demokrasia ya walio chini, nikijiona nimeiva. Chuoni nilikuwa naandika jinsi vibarua wanavyojitawala bila mwenyekiti, na nilishachora ramani yenye mishale mingi ya rangi. Mama alinisikiliza, mguu wake uliovimba ukiwa juu ya stuli, kisha akasema, "Vizuri. Kesho nenda kwenye kundi, ukanishikie nafasi."

Kundi lilikuwa la wanawake wa kupalilia mpunga. Walitoka Viwanja Sitini na Kiberege, wengine walikuja kwa bodaboda kutoka Mkula, na kila siku waliingia shamba la mmoja wao. Shamba letu lilikuwa bondeni kabisa, majani yameshaukaba mpunga, na mto ulikuwa unapanda. Lisipopaliliwa wiki ile, maji yangeukuta mpunga ungali mfupi na kuufunika, na chakula chetu cha mwaka kingekwenda.

Naikumbuka asubuhi ile kama usingizi mtamu. Ukungu ulikuwa umelala juu ya maji, milima haionekani, na wanawake walioinama kwa mstari walionekana migongo tu. Sauti zilitoka ukunguni zikiulizana kesho twende kwa nani. Neno lilianzia upande mmoja wa mstari, likapokewa, likapingwa, likachekwa, likafika upande wa pili likiwa limebadilika. Nilifurahi mno. Yale niliyoyasoma kwa shida yalikuwa yanapita mbele yangu, yakinuka matope.

Kwa furaha hiyo nikaharibu. Nilipanda juu ya tuta linalozuia maji ya jaruba, nikanawa mikono, nikatoa daftari. "Mama zangu, naomba mnisikilize. Tupange kwa kufuata hatari ya mafuriko. Shamba la chini kabisa lianze." La chini kabisa lilikuwa letu.

Mstari ukaendelea kupalilia. Bibi mmoja akasema bila kuinua kichwa, "Teremka kwanza, mwanangu." Sikuteremka. Nilieleza tena, kwa sauti kubwa zaidi, mjinga mimi. Wakapanga kesho yake iwe Kiberege.

"Ulisimama tutani?" mama aliuliza jioni, na sijawahi kumwona amekasirika vile. "Pale anasimama mnyapara! Nimekata miwa miaka mingi, mnyapara juu, sisi chini. Kwetu anayesema sharti awe ameinama na wenzake. Neno la tutani halisikilizwi." Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto.

Huko Kiberege niliingia majini, nikashika mwisho wa mstari. Saa nne mgongo ulikuwa si wangu tena. Neno likaja: kesho ni kwetu, au kwa mama mmoja wa Mkula? Huyo alikuwa kando yangu. Alisema wazi kwamba hakubali sisi tutangulie. Majani yake yamefika magotini, na analea watoto wa marehemu dada yake. Nilitaka kumchukia, nikashindwa. Wote wakasubiri jibu langu.

"Mkula," nikasema.

Maji yaliingia kwetu siku ileile tuliyokuwa Mkula. Nusu ya mpunga ikazama. Nililia, mama naye akalia, hatukufichana. Asubuhi mstari wote ulikuja kuokoa nusu iliyobaki. Mama, mguu umevimba vilevile, aliingia majini akainama kando ya yule wa Mkula.

"Mpunga wako umepona?" akamuuliza.

"Umepona, dada."

"Haya," mama akasema, akaanza kung'oa majani.