Maji ya Kayabo

Kayabo akishalowekwa, harufu yake haiombi ruhusa. Inapita chini ya mlango, inajishika kwenye mapazia, inafika kwa jirani kabla ya salamu yako. Hapa Magarama, mjini Gitega, Burundi, wameshanizoea. Wakipita wananitania kwamba leo mume wangu atawahi kurudi. Nacheka nao. Lakini yale maji ya kwanza, mazito na meupe, kila nikiyamwaga moyo unanidunda. Ngoja niwaambie kwa nini.

Nilikuwa na miaka kumi tuliporudi kutoka Tanzania. Nilizaliwa kule, kwenye kambi ya wakimbizi, na baba yangu alizikwa kule. Amani iliposemekana imekuja kweli, Mama alinishika mkono tukapanda lori la wanaorejea hadi Giteranyi, mkoani Muyinga, kwenye kilima alikozaliwa baba, maana kwetu kilima ndicho kijiji. Wenzetu walirudi na mabati. Mama alirudi na sufuria mbili na gunia dogo la kayabo, yaani sangara aliyepasuliwa, akapakwa chumvi na kuanikwa mpaka akawa mgumu kama soli ya kiatu.

Pale tulimkuta kaka yake baba, ambaye nilimwita Baba Mkubwa, mtu asiyemaliza sentensi. Mkewe, Mama Godeliva, alizimaliza zake na za mumewe. Alitutazama kuanzia kichwani hadi miguuni, akalitazama gunia, akaziba pua kwa ncha ya kitenge.

“We mama, ni nini iyi iko inanuka?”

“Ni samaki, dada. Nimewaletea zawadi.”

“Sisi hapa hatukulake vitu ya maji. Usiingize iyi mu sufuria yangu.”

Akatupatia banda lililokuwa la mbuzi. Alituita abahungutse, waliorejea, neno ambalo halina ubaya wowote, lakini yeye alilitamka kama anataja kupe. Kisimani alitaka tuchote wa mwisho. Nikikohoa, alisema nimeleta ugonjwa wa kambi. Nikiongea Kiswahili changu cha Tanzania, aliwaita wanawe waje wasikilize, halafu aliniigiza mpaka wakajishika mbavu. Na mimi nilimchukia. Nilimchukia kwa bidii, kila siku, jinsi mtoto mwingine anavyojifunza kusoma.

Faraja yetu ilikuwa Jumapili, Mama akipika kayabo nje kwenye mafiga matatu. Alimloweka tangu jana yake, akabadilisha maji mara tatu. “Usimharakishe, Joziane,” aliniambia, “chumvi inatoka ikitaka yenyewe.” Kisha alimchemsha, akamchambua miiba kwa vidole, nyama ikatoka vipande vipana vyeupe. Mafuta ya mawese yalipopata moto aliangusha kitunguu, nyanya na pilipili moja nzima isiyopasuliwa, halafu samaki, na mwisho ndizi za kupika zilizochemshwa, alizoziponda kidogo tu mpaka zikawa za njano na laini. Tulikula tukilamba vidole. Kwa nusu saa hakukuwa na banda wala kupe.

Kazi yangu ilikuwa kumwaga maji ya kulowekea. Mama alinielekeza niyapeleke mbali, njiani, pasipoota kitu. Lakini karibu na banda palikuwa na tuta la lengalenga la Mama Godeliva, mboga iliyonawiri hata wapita njia wakasifu. Jumapili moja, baada ya kuitwa mtoto wa lori, nilipita na beseni langu nikasimama pale. Nikamimina kwenye mashina, moja baada ya jingine, polepole, nisikose hata moja. Jumapili iliyofuata nikarudia. Na nyingine tena.

Lengalenga zikaanza kukunjika majani, zikawa za kahawia, zikalala. Nilifurahi. Sitawaficha, nilifurahi mpaka nikaimba.

Juma lile lile mtoto wa mwisho wa Mama Godeliva akaharisha siku mbili. Hapo likatoka neno ambalo kwetu Burundi halitamkwi kwa mzaha: murozi, mtu anayelisha wenzake sumu. Lilianzia kisimani. Lilipofika kwetu, wanawake walikuwa wameshaacha kumwitikia Mama salamu, na mtu alikuwa amerusha jiwe kwenye paa la banda letu. Nilijua watu huondolewa kilimani kwa neno hilo, na wengine hawaondoki wazima. Usingizi ukanipotea, lakini mdomo sikuufungua.

Wazee wa kilima waliitwa asubuhi, uani, watu wamejaa hadi njiani. Walipaswa kuja wiki ileile kupima shamba na kumtengea Mama sehemu ya baba yangu. Badala yake walikuja kwa hili. Mama Godeliva alinyoosha kidole kwenye tuta.

“Ona! Iyi dawa yake ya samaki imeua mboga, sasa iko inaua mtoto wangu! Yeye ni murozi!”

Nilisimama nyuma ya Mama. Mzee mmoja akauliza nani amegusa lile tuta. Nilifungua mdomo, na mkono wa Mama ukaja nyuma, ukanibana kwenye kifundo cha mkono mpaka nikaumia.

“Ni mimi,” alisema. “Si dawa, ni maji ya chumvi. Nilimwaga kwa hasira. Mkitaka, onjeni udongo.”

Mzee alichota udongo, akauweka ulimini, akatema. “Ni chumvi,” akasema. Minong'ono ya sumu ikaishia hapo. Lakini Baba Mkubwa, kwa mara ya kwanza nikamsikia akimaliza sentensi: “Anayeua mazao hapewi shamba.” Wazee walitazamana, hakuna aliyembishia. Mama alikwenda kufunga godoro.

Tulifika Gitega kwa mwanamke aliyekuwa jirani yetu kambini, na Mama akaanza kupika vyakula vya kuuza. Sikumwambia kitu kwa miaka mingi. Nilijifariji kwamba alidhani kweli maji yalinimwagikia pale kwa bahati mbaya, kwamba alikubali kosa ili mambo yaishe. Kumpenda Mama Godeliva sikuweza hata alipofariki, ingawa leo naelewa kwamba alikuwa amelima shamba lile miaka yote ya vita, na kila lori lililosimama barabarani aliliona limekuja kumnyang'anya.

Nilipojifungua mtoto wangu wa kwanza, Mama alikuja kunipikia uji. Nikiwa nimempakata binti yangu, nikashindwa kuvumilia. Nikamwambia, “Mama, lengalenga zile nilizimwagia mimi. Makusudi.”

Hakuacha kukoroga.

“Nilijua tangu Jumapili ya kwanza. Ulirudi mapema mno.”

“Sasa kwa nini hukuniacha niseme? Shamba la baba lisingepotea.”

Alimtazama mtoto mapajani mwangu, kisha mimi.

“Mtoto wa miaka kumi akiitwa murozi, anazeeka na jina hilo. Atakayemwoa nani? Atakayekula mkononi mwake nani?” Akamimina uji kwenye kikombe, akaupuliza. “Mimi walichoweza kunifanya ni kunifukuza tu. Na kufukuzwa nilishazoea.”