Ondoa, Upeleke Wapi?

Nyinyi vijana mnaobonyeza simu kabla ya kusoma, kaeni chini niwaambie jinsi neno moja lilivyotaka kumfukuza binti yangu kazini. Na mtu asicheke kabla sijamaliza.

Ilikuwa miaka ya tisini, hapa Kasikeu. Binti yangu wa pili amebeba jina la mama yangu, kwa hivyo mimi namwita Mama na yeye ananiita Mama. Alikuwa anatengeneza programu za kompyuta katika chuo kimoja Kitui mjini. Kompyuta kubwa ilikaa jengo moja, zile ndogo jengo lingine, na waya katikati. Karani akikaa kwa ile ndogo, alitakiwa kuona ghala la ile kubwa, pale alama za wanafunzi zinapowekwa, kama liko hapo mbele yake. Basi karani mmoja, akifikiri anafunga tu, akafuta alama za wanafunzi wote. Mkuu wa chuo akamwambia binti yangu: chuo kikifunguliwa hiyo kitu iwe imenyooka, ama atafute kazi kwingine.

Akaja nyumbani na makaratasi. Alikuwa amechora kioo cha kompyuta, maneno kwa Kiswahili ili makarani wasibabaike. Juu aliandika: Pandisha Ghala.

“Unalipandisha na dume la nani?” nikamuuliza.

“Mama! Ni kuleta ghala la mbali lionekane hapa.”

“Hapa tunapandisha ng’ombe. Na baba yako ni mzee wa kanisa. Andika kitu kingine.”

Baba yake akashika redio akatoka nje, mabega yakitetemeka. Binti akakata hayo maneno, akaandika Unganisha.

Chini kulikuwa na neno lingine, Ondoa.

“Sasa Mama, umemaliza kazi. Hutaki tena ghala la mbali likae kwa kompyuta yako, lakini vitu vibaki huko vilipo. Bonyeza.”

Nikaweka kidole kwa Ondoa.

Akamwita mdogo wake aliyekuwa akisugua sufuria. “Wewe unataka alama za zamani zipotee kabisa. Bonyeza.”

Mdogo wake akaweka kidole cha jivu hapo hapo, kwa Ondoa. Binti akaliangalia hilo doa la jivu: mambo mawili tofauti, neno moja.

Baba yao akarudi. “Nani ameondoa maziwa lala yangu mezani?”

“Mimi,” akasema yule mdogo. “Mama aliniambia niondoe.”

“Ukayapeleka wapi?”

“Nikampa mbwa.”

“Nilisema uondoe mezani!” nikafoka.

“Ulisema ondoa, Mama. Mezani hukusema.”

Binti yangu akacheka mpaka akashika mbavu. “Huyu ndiye karani wangu!”

Akararua karatasi, akachora nyingine. Upande mmoja: Tenganisha, vitu vinabaki kwa kompyuta kubwa. Upande ule mwingine, mbali kabisa: Futa, vitu vinapotea kwa kila mtu. Akatujaribu tena, hata baba yake. Hakuna aliyekosea. Akarudi Kitui nayo, mkuu wa chuo akaikubali, kazi ikabaki yake.

Lakini siku ile ile ya maziwa, mzee akiwa bado anaangalia kikombe kitupu, niliwasimamisha wote jikoni nikasema: “Kuanzia leo, katika nyumba hii hakuna mtu kuambiwa ondoa peke yake. Sema kitu kinaenda wapi. Na wewe uliyemlisha mbwa, shika mtungi ukamtafutie baba yako maziwa mengine.”