Matanga Niliyoyakuta Chumbani Kwangu

Hii aibu nimeificha tangu 2017, na hata leo nikiisimulia naona haya, basi msiniangalie usoni. Mimi fundi cherehani wa Berea, hapa Joburg, na mama yangu kule Bukavu (mtu wa rozari asubuhi na jioni) nilimwahidi tangu utotoni kwamba nitafika Roma kwa niaba yake, sasa Jumamosi moja nikapeleka suruali za wahudumu kwenye jumba la starehe kaskazini mwa Joburg, kumbe ndani wamejenga mji mzima wa Kiitaliano, vichochoro, chemchemi, nguo zimeanikwa madirishani, dari imechorwa mbingu ya jioni, nikajiambia picha moja itamdhuru nani, nikamtumia: "Mama, nimefika Roma."

Akapiga video palepale. Nikamtembeza weee, mwisho akauliza:

"Huko ni saa ngapi?"

"Saa tano asubuhi, Mama."

"Mbona giza linaingia? Na nguo hizo hazitikisiki. Mtoto wangu, kivuli chako kiko wapi?"

Nikatazama chini, sikukiona (taa zilikuwa nyingi, leo najua, siku ile nilikumbuka tu kwamba kwetu husema wafu hawana kivuli), na kabla sijajibu simu ikazimika, chaji imekwisha. Nikatafuta mlango, kila kichochoro kikanirudisha kwenye chemchemi ileile, na mbingu ile haisogei, nikawa sijui nimezunguka saa moja au tano. Nilipotoka, jua la kweli lilikuwa linazama.

Berea, nikipanda ngazi, nikasikia nyimbo za msiba, nikamhurumia jirani. Eish, mlango ulikuwa wangu. Juu ya cherehani mshumaa, na picha yangu ya asubuhi, nacheka chini ya mbingu ile. Akina mama wa kikundi chetu cha sala wameketi chini, wamefunguliwa na mwenye nyumba. Yaya Furaha (kwetu yaya ni dada mkubwa), kiongozi wao, akaniona, akarudi kinyumenyume taratibu.

"Kwa jina la Yesu, usikaribie. Mama yako amesema aliongea nawe ukiwa kwa wafu."

Simu yake ilikuwa wazi, Mama yuko hewani, wote wanasikiliza.

"Mama, ni mimi. Sikufika Roma. Nilikuwa Joburg hii hii, nilikudanganya."

Akalia muda mrefu. Kisha akasema, "Mimi nimeshanyoa nywele."

Sijamdanganya tena, hata kuhusu nilichokula. Wiki iliyofuata mdogo wangu aliolewa, na Mama alisimama kwenye picha zote na upara, wageni wakimuuliza amefiwa na nani.

"Na mtoto wangu mkubwa," aliwajibu. "Alirudi jioni."