Barua ya Mwaliko kutoka Kumasi

Mama yangu alimfungulia mlango kila aliyebisha kwetu Vårby gård, hapa Sweden. Mrundi mwenzetu, Mkongo, Mganda aliyekuwa akienda kwa watu wengine kabisa, wote walikula. "Mgeni njoo, mwenyeji apone," alikuwa akisema, na sisi wenyeji tulipona kwa kuosha masufuria.

Dada yangu, aliyeolewa na Mghana wakahamia Kumasi, alipojifungua mtoto wake wa kwanza, Mama alianza kufunga mizigo siku ileile. Kusoma masharti ya viza nikaachiwa mimi. Chanjo ya homa ya manjano aliikubali, japo sindano anaiogopa kuliko radi. Picha, sawa. Tulipofika kwenye barua ya mwaliko, akaweka kikombe chini.

"Nialikwe kwenda kwa mtoto niliyemzaa mwenyewe?"

"Mama, bila barua hakuna viza."

"Basi huyo mjukuu ataniona kwenye picha."

Nilikasirika kwelikweli. Nauli inapanda, dada analia kwenye simu, bibi mzima amesusa! Habari zikamfikia mama mzazi wa shemeji yangu, naye akaandika barua kwa mkono wake: "Mkwe wangu, nimechoka kumsifu huyu mtoto peke yangu. Njoo unisaidie."

Hapo mambo yakageuka. Kuitwa na mtoto wako ni kukosewa adabu. Kuitwa na mkwe ni heshima. Mama alizunguka na barua ile kanisani mpaka mchungaji naye akaisoma. Viza ikatoka, akaenda, akarudi amenenepa, habari ni mkwe tu asubuhi na jioni.

Mwaka uliofuata ikawa zamu yake kumpokea mkwe. Kuja Sweden nako kunataka mwaliko, na safari hii hakununa hata kidogo. Aliniamuru niandike kwa Kiswidi kwamba chumba kipo, chakula kipo, na yeye mwenyewe yupo. Akanunua shuka mpya kwenye maduka ya Vällingby.

Viza ilikataliwa. Ubalozini hawakuamini kwamba mgeni wetu angerudi kwao.

Nilimtafsiria Mama jibu lile polepole, nikitamani kulipunguzia makali. Akazikunja zile shuka mpya.

"Yeye aliniita, nikapokelewa," akasema. "Mimi nimemwita, amezuiwa. Kumbe miaka yote hii, mwenyeji hapa si mimi."