Nilimnyima Mama Wimbo wa Ulanzi

Kosa ni langu, wala simtafuti wa kunisaidia kulibeba. Nilimnyima mama yangu mzazi wimbo, kisha nikasingizia betri.

Mama amepoteza kumbukumbu. Tulipomtoa kijijini, jirani na Tosamaganga, nikamleta kwangu hapa Soweto, Mbeya, alikuwa amekwisha kunisahau jina. Kuoga aligoma, kula alibembelezwa. Muuguzi aliyemwona akatushauri: "Mpigieni nyimbo alizozipenda usichanani. Mengi yakimtoka, hizo hukawia kutoka."

Nimefundisha Kilatini seminarini miaka mingi. Jambo la namna hiyo silifanyi ovyo. Nilikusanya nyimbo za kanisa, nikazipanga kwa mwaka wa liturujia, kuanzia Majilio, nikazitia katika redio ndogo ya kadi. Mama alizisikiliza kama mtu anayesubiri mvua ikatike. Tulipofika Kwaresima alikuwa amelala.

Ndipo mdogo wangu wa kike akaja kutoka Ilula na tenga la nyanya na wimbo mmoja. Alikuwa amemrekodi bibi wa kijijini kwetu kwa simu. Akauhamishia kwenye kadi yangu, akaufuta kwenye simu ili apate nafasi. Ni wimbo wa Kihehe, wa wanawake wakinywa ulanzi, ile pombe ya mianzi. Unasimulia kijana aliyekwenda kuposa amelewa, akaangukia banda la kuku, akamwamkia jogoo: "Kamwene, baba mkwe."

Mama alifumbua macho. Akaimba beti zote, mabega yakicheza. Akaogeshwa akiimba, akamaliza ugali wake.

Ningeshukuru kama yangeishia hapo. Lakini Jumapili katekista alimletea Komunyo. Nilipoanzisha wimbo wa kumpokea Bwana, mama aliitikia kwa ubeti wa jogoo, tena kwa sauti ya kwanza. Katekista akakohoa ndani ya leso muda mrefu kuliko kikohozi chochote nikijuacho. Heshima yangu yote niliiona ikiangukia bandani.

Alipoondoka, nikaufuta wimbo. Mdogo wangu alipopiga simu, nikamwambia betri ya redio imekufa.

Siku nne mama hakukubali maji ya kuoga. Ya tano alifumba mdomo mbele ya kijiko, na ya sita vivyo hivyo. Mdogo wangu aliposikia, akapanda basi akaja. Alisimama mlangoni, akasikiliza.

"Kaka, hiyo redio inaimba Majilio kwa betri ipi?"

Nikakiri. Nikajitetea kwamba wimbo wenyewe hauna adabu.

"Unamjua huyo kijana wa bandani?"

"Nitamjulia wapi?"

"Baba."

Baba yetu marehemu, mwenyekiti wa parokia, ambaye sikuwahi kuyaona meno yake!

"Mama na wenzake waliutunga wiki ileile aliyokuja kuposa," akasema. "Wewe ulipelekwa seminari ungali mdogo, wakubwa wakaona aibu kukuimbia. Haya, sasa uturudishie."

Wa kuturudishia hakuwapo. Yule bibi alikuwa amezikwa kijijini juzi yake. Mdogo wangu alijua kiitikio tu. Beti zilibaki mahali pamoja: katika daftari langu, ambamo nilikuwa nimezinakili kwa uangalifu na kupigia mistari kila neno la aibu, nipate kumwonyesha mdogo wangu kosa lake.

Nikapiga magoti kando ya kitanda, kijiko cha uji mkononi, nikaimba. Sauti sina. Mdogo wangu aliitikia huku akicheka hadi akaketi sakafuni.

Wenzangu mnaowauguza wazazi waliosahau, msiwachagulie nyimbo za kuwapendezesha kwa wageni. Waulizeni waliocheza nao ngoma, upesi, nao wangali hai. Mimi sauti ya yule bibi nimeipoteza kwa kidole kimoja, na jina langu mama hajalirudia mpaka leo.

Ila siku ile, nilipofika kwenye jogoo, alinitazama muda mrefu, akanishika ndevu.

"Leo umekuja bila kuanguka?" akauliza.

"Leo sijaanguka," nikamjibu.

Akafungua mdomo, nikampa uji.